Tulivyomrudisha Baba kwa Resori Iliyofungwa Ngozi

Wenzangu wa bomba la Kilibula, kila nikija kuchota maji mnaniwekea ndoo pembeni na kuniuliza yaleyale. Mlipitaje? Mlikula nini? Ni kweli gari lilitembea kwa ngozi ya ng'ombe? Nimesimulia mpaka mate yamenikauka, na kila mara anatokea mmoja wenu ananikatiza na kueleza vizuri zaidi mahali ambapo hakuwepo. Sasa nimeamua kuandika. Anayetaka kujua asome, asiyejua kusoma asomewe, nami niachwe nichote maji kwa amani.

Ya kwenda nayaruka, na ya kungoja barazani hospitalini pia. Naanza na kurudi, maana huko ndiko nilikoona mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nanyamaza katikati ya maneno.

Baba yangu mnamjua, fundi wa mitumbwi. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, kibanzi cha mbao kiliingia. La kuume likafunikwa na utando mweupe polepole, mpaka akawa anapima mbao kwa vidole. Uhuru wenyewe aliusikia tu kwa masikio. Wakati sisi tunacheza barabarani yeye alikuwa hatofautishi mchana na kivuli. Kule Bukavu munganga, yaani daktari, Mzungu mmoja mrefu mwenye sauti ndogo, aliutoa ule utando, akalishona jicho, kisha akafunga macho yote mawili kwa bandeji. Akaniita kando akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu: alale chali mpaka Jumapili ya pili, asiinuke, asiiname, asikohoe, na zaidi ya yote kichwa chake kisitikiswe. Kikitikiswa, uzi utakatika na jicho litamwagika. Baba hakuwa na jicho jingine la kujaribia.

Haukupita muda wakaanza kuleta askari waliojeruhiwa. Waasi walikuwa wamelishika bonde huku na kule, leo wapo, kesho hawapo, na hospitali ilihitaji vitanda. Tukaambiwa kila mgonjwa anayeweza kubebwa abebwe. Nikamtazama yule munganga, naye akaitazama sakafu. Barabara ya kurudi kwetu Uvira aliijua kama ninavyoijua mimi.

Bukavu hadi Nyangezi

Mungu hakutuacha, kwani shemeji yangu Elia, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa Bukavu na kamyoneti ya tajiri wake. Ilikuwa gari kuukuu, viti viwili mbele na kitanda cha wazi nyuma. Elia ni mtu wa maneno machache, nami mnanijua, kwa hiyo tunapatana. Alipanga magunia ya maharagwe chini, akaniambia kwamba kamyoneti tupu inarukaruka kuliko iliyobeba. Juu ya magunia tukatandika majani makavu ya mgomba, juu ya majani godoro. Baba akasogezwa kutoka kwenye machela kwa ubao mpana, bila kukunjwa, kichwa kikaelekea mbele na miguu nyuma. Mimi nikakaa nimeegemea kibini, chumba cha dereva, nikakishika kichwa chake katikati ya viganja vyangu. Hivyo ndivyo nilivyosafiri, na kama mliniona nimerudi na vidole vigumu, ndiyo sababu.

Hatujaondoka vizuri mjini, nyuma pakaanza kulia. Kwii, kwii, kila tukipita shimo, kama kitanda cha nyumba ya wageni. Nikagonga kibini. Elia akasimamisha gari, akaja nyuma.

"Shemeji, resori iko nalia," nikamwambia.

"Nasikia. Lakini ni ya upande gani?"

Siku nyingine angepanda juu ya bampa akarukaruka huku akisikiliza, ndivyo mashofeli wote, yaani madereva, wanavyofanya. Sasa angerukaje na baba yupo juu? Angemwambia mtu mwingine aendeshe naye atembee kando, lakini mtu mwenyewe ni mimi, na mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli. Ndipo baba, aliyekuwa amenyamaza kama mzigo, akasema kutoka chini ya bandeji yake: "Endesha kidogo. Nitasikiliza."

Elia akaendesha polepole kupita shimo moja, akasimama. Baba akasema, "Iko ku mukono wangu wa kuume. Karibu na muguu."

Basi Elia akalala chini ya gari upande wa kuume, akaishika resori yote, yaani springi, akazipapasa zile bati zake ndefu za chuma zilizolaliana, wanazoziita lama, akatikisa boriti na kila bulo, yaani bolti. Hakuona kitu kilicholegea. "Ni ukavu tu," akasema, "lama zinasuguana." Nami nilikuwa na chupa ya mawese ya kupikia. Sisi watu wa ziwani mawese tunapaka kila kitu: mtoto mwenye kikohozi, bawaba ya mlango, mguu uliofura. Elia akamimina mawese katikati ya lama, kuume kwanza, kisha na kushoto ili upande wa pili usione wivu. Tukaondoka. Kimya. Hata baba akatabasamu, na mimi nikajisifu njia nzima mpaka Nyangezi kwamba ni mawese yangu.

Nyangezi tulilala kwa mama mmoja asiyetujua, aliyetuona tu tumesimama mbele ya uzio wake. Baba hakushushwa. Yule mama alitupa viazi vitamu vya moto na maharagwe, akafunika kitanda cha gari kwa turubai lake, asubuhi akakataa hata kutuambia jina lake akisema siku hizi majina yanaleta shida.

Mteremko wa Ngomo

Wale ambao hamjashuka Ngomo, sijui niwaambie nini. Barabara inajikunja ukingoni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hewa tupu. Kona moja ikafunguka, na bonde lote la Ruzizi likawa chini yetu, kijani na kahawia, mto unazunguka katikati, na mbali kabisa kusini kitu cheupe ambacho nilijua ni mwanzo wa ziwa letu. Nimelipita bonde hilo mara nyingi nimebanwa kati ya watu na kuku. Siku ile nililiona kwa ajili ya watu wawili.

"Sema unaona nini," baba akaniambia.

Nikamwambia yote. Ukungu unaoinuka kutoka mtoni, moshi mahali pawili ambapo sikupenda kuuona, milima ya Burundi upande wa pili. Alisikiliza mdomo wazi. Nilipomaliza akasema, "Tena." Nikasema tena.

Katikati ya mteremko sauti nyingine ikaanza. Hii haikuwa kwii. Ilikuwa ko, nzito, mara moja kila Elia akifunga breki. Akaegesha gari kwenye kona pana, akaanza kutafuta kwa njia ya mashofeli wa kwetu, yaani kuondoa mtuhumiwa mmoja mmoja. Kwanza jeki, akaifunga kwa kamba. Ko. Kisha kibati cha petroli, akakihamishia mbele. Ko. Mlango wa nyuma akaukaza kwa matambara. Ko. Gurudumu la akiba akalitoa chini na kuliweka karibu na miguu ya baba. Ko. Nilimwambia huenda ni maharagwe, akanitazama tu.

"Weye, tushuke," nikasema. "Kamanyola tutapata fundi."

Naye kwa kuwa mawese yalikuwa yamenyamazisha kile kilio cha kwanza, aliamini resori zimepona na ko ni kitu kingine. Ndivyo tulivyoamini sote. Tukaendelea kushuka mwendo wa mgonjwa, gia ya kwanza, na kila ko nilikuwa naisikia katika meno yangu.

Bariere ya Kamanyola

Kamanyola fundi hakuwepo, alikuwa amekimbia. Kilichokuwepo ni bariere, gogo lililolazwa juu ya mapipa, na askari wa jeshi waliochoka. Gari letu likafika likigonga ko, ko mbele yao, na wote wakainua bunduki.

Kumbe siku chache nyuma walikuwa wamekamata gari lililofichwa silaha chini ya sakafu, nazo zilikuwa zinagongana vilevile. Tungelijua wapi? Elia akashushwa, akapigishwa magoti. Magunia yakachomwa kwa ncha ya bayoneti, maharagwe yakamwagika. Kisha mkubwa wao, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, akapanda juu akaja kusimama miguuni kwa baba.

"Huyu nani?"

"Baba yangu. Ametoka lopitali."

"Lopitali gani inafunga muntu uso muzima? Anaficha uso. Fungua hiyo kitambaa tumuone."

Nilikataa. Sikukataa kwa adabu, mnanijua. Nilimwambia yale ya uzi na jicho, nikamwambia na mengine kuhusu mama yake ambayo siwezi kuandika. Akaielekeza bunduki kwangu. Nami mikono yangu ilikuwa kwenye kichwa cha baba na sikuitoa. Nilitetemeka mpaka nikaogopa kwamba mimi mwenyewe ndiye nitakayelikata lile jicho.

Baba akasema, taratibu, bila kugeuza shingo: "Mutoto wangu, acha. Kama bwana mukubwa anataka, afungue. Lakini weye bwana, ukaribie hapa, usimame mbele yangu. Miaka yote hii sijaona sura ya muntu. Kama ile jicho itaona mara moja kiisha imwagike, nataka nijue ni sura ya nani niliona."

Wale askari wa chini wakamtazama mkubwa wao. Yule kijana alibaki amesimama. Kisha akashuka kwenye gari, akaondoka mpaka nyuma ya kibanda, akakaa huko. Aliporudi aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu wa nyumbani: "Sasa ile kelele ni ya nini?"

"Hatujue," Elia akasema, bado yupo magotini.

Mtakataa kuniamini, lakini askari waliweka bunduki chini wakaingia wote uvunguni mwa kamyoneti, miguu imetoka nje, kila mmoja na maoni yake. Mmoja akasema ni bomba la moshi. Mwingine akasema ni boriti. Mkubwa akasema ni gari la kizamani tu. Wakayaokota maharagwe yetu, wakayarudisha gunia kwa gunia, na wakatupa mkate mgumu wa jeshi. Nilikuwa na hasira nao na nilikuwa nawaonea huruma, vyote kwa pamoja.

Luberizi

Tulipita Luvungi bila neno. Barabara ya bondeni imenyooka, na nilikuwa nimeanza kupumua. Mashamba ya mpunga ya Luberizi yalikuwa yametokea kushoto na kulia, watu wamo wanapalilia kama vile hakuna vita. Ndipo nyuma pakalia paa, mlio mmoja mkavu. Niliudhani ni risasi. Gari likainama upande wa kushoto. Nilikibana kichwa cha baba kifuani mwangu, kiwiko changu kikapiga chuma cha ukingo, na kovu mmeliona. Kichwa chenyewe hakikugusa kitu.

"Baba?"

"Niko."

Elia akaingia chini upande wa kushoto. Akakaa huko muda. Akatoka na kitambaa chake kimejaa mawese mekundu.

"Lama ya pili imevunjika," akasema. "Na imevunjika zamani nusu. Ona." Akanionyesha mahali pa chuma: nusu iling'aa mpya, nusu ilikuwa na kutu ya siku nyingi. Chuma kikianza kupasuka, kutu hutoka kwenye ufa, mstari mwekundu, na shofeli akiuona anajua. Sisi tulikuwa tumepaka mawese juu yake, mekundu juu ya mekundu. Kilio kilichokuwa kinatuonya tukakinyamazisha, na alama iliyokuwa ya kuonekana tukaifunika. Na ile ko yote ya Ngomo ilikuwa ile lama inapiga mwenzake.

"Lakini muzee alisema mukono wa kuume," Elia akanung'unika.

Tukamtazama baba, amelala chali, kichwa mbele na miguu nyuma. Mkono wake wa kuume ulikuwa upande wa kushoto wa gari. Alikuwa amesema kweli tangu Bukavu, na sisi wenye macho tukaenda kulala chini ya upande mwingine. Elia alikaa barabarani akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka machozi, na baba chini ya bandeji akauliza tunacheka nini, tukaogopa kumwambia asije akacheka naye akalitikisa jicho.

Kicheko kikaisha upesi. Kutoka kaskazini, kule tulikotoka, bunduki zilikuwa zinasikika. Resori mpya ingetoka wapi? Na kwenda namna ile, kila shimo lingefika moja kwa moja kwenye godoro.

Karibu na pale, chini ya ukingo wa barabara, wachungaji wa Rurambo walikuwa wanachuna ng'ombe. Walimshusha kutoka mlimani kwenda sokoni, soko likafungwa kwa sababu ya vita, na mnyama mwenyewe akavunjika mguu mtaroni, ikabidi achinjwe. Mwenye ng'ombe alikuja kututazama, mtu mwembamba mwenye fimbo ndefu, anaitwa Sebagabo. Hakuuliza habari za gari kwanza. Aliuliza habari za mgonjwa. Nilipomweleza, akaenda akarudi na chombo cha mti chenye maziwa, akamnywesha baba kwa bua la nyasi, kidogo kidogo, bila kumwinua.

Mimi kwa kutaka kuonyesha kwamba hata watu wa Uvira wana adabu, nikafungua furushi langu, nikatoa ndagala wakavu, samaki wadogo wa ziwani, nikawaweka pale pale kando ya chombo cha maziwa. Sebagabo alikinyakua chombo chake kama vile nimeweka nyoka. Wenzake wakarudi nyuma. Sikujua kwamba kwao samaki hasogei karibu na maziwa, ng'ombe atakauka. Nilidhani amenitukana, nami nilikuwa tayari kujibu. Baba akaniambia, "Funga samaki yako, mama. Pua yangu inasikia umefanya kitu." Nikafunga. Nikanawa mikono kwa mchanga na maji ya mtaro mbele yao, mpaka Sebagabo akatikisa kichwa kwamba inatosha.

Kisha akaingia uvunguni na Elia. Walipotoka akasema: "Muntu amekunywa maziwa yangu. Siwezi kumuacha mu njia. Tutafunga hii chuma na ngozi."

Elia akasema ngozi haiwezi kubeba gari. Sebagabo akamuuliza jembe lake likivunjika mpini analifunga na kitu gani, na nguzo ya zizi inayopigwa mateke na madume inafungwa na kitu gani. Ngozi mbichi, ikiwa bado na maji ya mnyama, inavutwa na kuzungushwa. Ikikauka inajivuta yenyewe, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kukaza hivyo. Lakini ngozi nzima ya ng'ombe ni kitu kikubwa kwao. Watu hulalia, huozesha binti juu yake. Ukiikata mikanda, imekwisha. Alikata bila kufikiri mara mbili, kwa kisu, kuzunguka na kuzunguka kutoka ukingoni kwenda katikati, ukawa mkanda mmoja mrefu, manyoya yakiwa bado juu yake.

Ikabaki kuliinua gari. Jeki ingeinua upande mmoja, na baba angebingirika. Kumshusha kungetaka kumkunja, maana ule ubao mpana ulibaki hospitalini. Nilikuwa najiuliza tufanyeje nilipoona wale wapalizi wa mpunga wanatoka majini, matope mpaka magotini. Sikujua nani aliwaita. Walileta miti ya kujengea, wakaipitisha chini ya kamyoneti, huku na huku, na wachungaji wakaingia kati yao. Watu wa bondeni na watu wa mlimani, ambao sokoni nimewasikia wakitukanana kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani, walisimama bega kwa bega. Mzee mmoja mpalizi akahesabu kwa Kifuliiru, polepole. Gari likapanda. Lilipanda sawasawa, mbele na nyuma, pamoja na maharagwe, godoro, baba na mimi. Kikombe cha maji nilichokuwa nimekiweka ukingoni hakikumwaga hata tone. Niliona mishipa ya shingo zao, niliona jasho linashuka puani na hakuna anayelifuta, wakashika hivyo mpaka Elia alipoingiza magogo ya kutegemeza. Nimeona maaskofu wakipokelewa na nimeona bendera ya Uhuru ikipandishwa, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile.

Elia na Sebagabo wakaweka vipande vya mti mgumu juu na chini ya lama iliyovunjika, wakaufunga mkanda, mmoja anavuta kwa miguu miwili, mwingine anapiga kwa jiwe ili ulale vizuri. Elia alitaka kuondoka hapohapo, maana bunduki zilikuwa zinakaribia.

"Ukienda sasa itavutika," Sebagabo akasema. "Ngoja jua."

"Na kama waasi batafika?"

"Batafika. Tutabapa nyama."

Tukangoja. Jua lililobaki likaikausha upande mmoja, tukalala palepale, na upepo wa bonde ukamaliza kazi. Usiku Sebagabo alikaa upande wa miguu ya baba, fimbo magotini, na baba alimsimulia mitumbwi, naye akamsimulia ng'ombe, kila mmoja hajaelewa nusu. Asubuhi Elia aliigonga ile ngozi kwa spana ikajibu kama mti mkavu. Akapanda juu ya bampa, akasahau kabisa kwamba baba yupo juu, akaruka mara moja kabla sijampigia kelele. Hakikulia kitu.

Sange, Kiliba, na ziwa

Sebagabo alipanda nyuma kabisa, miguu inaning'inia, mkono mmoja umeshika resori kila tukisimama, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Gari lilikuwa linaenda laini kuliko lilivyotoka Bukavu. Sijui Elia ataniruhusu kuandika hivyo.

Sange tuliwakuta waasi wenyewe, vijana wamejifunga majani kichwani. Walimwona mchungaji, wakamwona mgonjwa, wakauliza ng'ombe wako wapi. Sebagabo akawaambia ng'ombe yupo chini ya gari. Wakainama wakatazama, wakacheka sana, wakatupisha. Hapo ndipo aliposhuka ili arudi Rurambo kwa njia ya milimani. Nilimshika mikono yote miwili.

"Muzee akifunguliwa," akaniambia, "mutanitumia habari."

"Nitatuma."

Akamuaga baba kwa kumgusa kifua, akashika njia. Nilimtazama anavyopanda, mpaka nikashindwa kumtofautisha na mawe.

Baada ya Kiliba hewa ikabadilika. Baba akanusa. "Ziwa," akasema, na machozi nikayahofia kuliko shimo lolote, nikamwambia asilie, munganga hakusema lolote kuhusu kulia lakini mimi nakataza. Akatii. Upande wa kushoto ziwa lilikuwa limelala bluu mpaka chini ya milima, hakuna hata ngalawa moja, watu walikuwa wamejificha. Nimezaliwa kando ya maji hayo na siku ile nilihisi nimekaribishwa kama mgeni.

Kilibula

Tangu tufike mlikuwa mnakuja kumwona baba amelala, kwa hiyo siku zile mnazijua. Msichokijua ni Jumapili ya pili, maana niliwafukuza wote.

Muuguzi wa dispensari alikuja baada ya ibada. Tulikuwa tumemkalisha baba kwenye kiti cha chini uani, mgongo umeegemea ukuta. Kamyoneti ilikuwa juu yetu, barabarani, mnajua ua wetu ulivyo chini ya barabara. Elia alikuwa hajapata lama nyingine, maana duka lipo ng'ambo na mpaka ulikuwa umefungwa. Muuguzi alituonya kwamba mpaka apate miwani ya hospitali ataona ukungu tu, kama ataona. Akaizungusha ile bandeji kutoka kichwani, taratibu, tabaka kwa tabaka, mpaka pamba ikadondoka. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa maji. Baba alilifumba, akalifumbua.

Muuguzi akainua vidole mbele yake. "Muzee, vidole ngapi?"

Baba hakujibu. Jicho lilikuwa limetazama mbele tu, bila kusogea. Muuguzi akauliza tena. Nilianza kukumbuka kila shimo la njia ile, nikitafuta ni lipi. Kiwiko changu kilikuwa kinauma mahali pale kilipogonga chuma, na niliona Elia amegeuza uso kuelekea ukutani.

"Sogea kidogo, mutoto wangu," baba akamwambia muuguzi. "Unanizibia."

Muuguzi akasogea. Baba akanyoosha mkono kuelekea barabarani, kwenye gurudumu la nyuma.

"Kile chekundu chini ya motokari," akasema. "Na pale katikati iko doa nyeupe. Ni ile ng'ombe ya Sebagabo." Akaushusha mkono. "Mwote mulisema ng'ombe, ng'ombe. Hakuna hata mumoja aliniambia rangi yake."

Kweli hatukumwambia. Hakuna aliyefikiria. Nikakaa chini palepale vumbini na gauni langu la ibada, nikalia kwa sauti, na muuguzi akashusha vidole vyake.